Kamba Mpya za Chombo cha Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka ikifika Machi, manahodha wa Dar es Salaam wanaanza kukagua kamba kabla kusi (upepo wa kusini) haijaingia, na maswali ni yale yale, iwe Kunduchi, Msasani, Feri au Kigamboni. Nimeyakusanya hapa kwa mpangilio, ya msingi kwanza na yale magumu mwishoni. Majibu yanahusu ngalawa, mashua na majahazi ya kwetu, pamoja na yoti ndogo za Msasani. Panapotofautiana nimesema.

## Mambo ya mwanzo

1. Kamba zipi hasa zinazozungumziwa?

Zile zinazovutwa na kulegezwa chombo kikiwa safarini. Kwenye ngalawa au mashua ni henza inayopandisha foromali (boriti inayobeba tanga), jarari (kamba ya kuvutia inayopita mara kadhaa kati ya gofia mbili) kama chombo ni kikubwa na henza inaishia kwenye gofia (kapi), demani inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, kamba ya goshi inayoshika pembe ya mbele, na hamarawi zinazoizuia foromali isiyumbe. Kwenye yoti ni kamba za kupandishia matanga na za kuyaongozea.

Dasi haimo, kwa kuwa imeshonewa pindoni mwa tanga na hushughulikiwa na mshonaji. Kamba na waya zinazousimamisha mlingoti nazo ni habari nyingine. Nanga haihusiki pia, lakini watu hawaachi kuiulizia, kwa hiyo nimeiweka kwenye swali la 21.

2. Nitajuaje kwamba kamba imechoka?

Macho peke yake hayatoshi. Ipitishe yote mkononi, polepole, kutoka ncha hadi ncha. Unatafuta mahali palipokonda, palipokakamaa, palipolainika kupita kiasi, na palipoota manyoya. Manyoya mafupi yaliyoenea sawasawa hayana ubaya, hata huilinda kamba. Manyoya marefu yaliyojikusanya mahali pamoja yanakuambia kuna kitu kinaisaga hapo.

Kisha ifungue. Kamba ya kusokotwa ikaze kinyume cha msokoto wake, au ingiza msumari mnene katikati ya nyuzi, uchungulie ndani. Nahodha mmoja wa Kunduchi aliniletea henza yake akisema bado nzima, na kwa nje kweli ilikuwa na rangi nzuri. Nilipoifungua, vumbi jeupe kama unga wa sembe lilimwagika gotini mwangu. Hiyo ilikuwa chumvi pamoja na nyuzi zilizosagana zenyewe kwa zenyewe. Alinyamaza, akaipokea, akaikata vipande vya kufungia matenga.

Kagua kwa makini zaidi mahali pale panapokaa kwenye gofia tanga likiwa juu. Hapo ndipo henza nyingi hukatikia, kwa sababu saa zote za safari kamba imepinda mahali pale pale.

3. Lazima nibadilishe zote kwa mpigo?

Hapana. Fedha ikiwa kidogo, anza na henza. Demani ikikatika, tanga litapigapiga na utapata muda wa kufikiri. Henza ikikatika, foromali inashuka juu ya vichwa vya watu. Mimi husema hivi kwa kila anayeniuliza: punguza kwingine kote, henza usiipunguzie.

4. Wakati gani mzuri wa kubadilisha?

Kabla ya kusi. Upepo huo huanza kujitokeza Aprili na huwa mkali Juni hadi Agosti. Ukibadilisha Machi, kamba inapata wiki chache za pepo nyepesi za kuizoea gofia, nawe unapata muda wa kuona kama urefu umetosha. Kungoja Julai ni kufanya kazi hiyo ufukweni huku upepo unakupiga mchanga usoni.

## Kamba imetengenezwa na nini

5. Dukani wanasema zote ni "manila". Tofauti iko wapi?

Jina hilo lilikuwa la kamba ya abaka, mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino. Kamba yenyewe siku hizi ni adimu, jina limebaki likitumika kwa karibu kila kamba isiyo ya mkonge. Ukiomba manila Kariakoo unaweza kupewa yoyote kati ya tatu hizi.

Ya kwanza ni plastiki, yaani polipropilini. Ni nyepesi, inaelea, bei yake ni nafuu, na mara nyingi ni ya buluu, kijani au rangi ya chungwa. Adui yake ni jua, na sisi tuko kama nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Inakakamaa, inameguka vipande vinavyochoma vidole kama miiba, kisha inakatika bila kuaga. Pia inayeyuka upesi ikisuguliwa.

Ya pili ni nailoni. Ina nguvu, inazama, na inavutika sana: ikikaribia kukatika imesharefuka kama robo ya urefu wake. Ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu zake, kama asilimia 10 hadi 15.

Ya tatu ni polista. Inazama, inavutika kama nusu tu ya nailoni, haidhoofiki ikilowa, na inastahimili jua kuliko hizo mbili.

6. Basi kamba ipi kwa kazi ipi?

Usiulize kamba gani ni nzuri, uliza kazi yake inaruhusu ivutike kiasi gani.

Henza na jarari zinataka polista. Henza ikivutika, foromali inashuka kidogo kila upepo unapokazana, ubavu wa mbele wa tanga unalegea, na chombo kinakataa kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka. Unaweza kuhangaika siku nzima ukidhani tanga limeharibika kumbe ni henza ya nailoni.

Demani nayo ni polista, lakini laini, maana ndiyo inayokaa mkononi saa zote. Hapa ubaya wa nailoni unaonekana wazi. Upepo ukija kwa kishindo unataka tanga liwe bapa, lakini demani ya nailoni inajivuta, pembe ya tanga inakimbia, tanga linaota tumbo, na chombo kinalala zaidi wakati ule ule uliotaka kisimame. Upepo ukipungua kamba inajirudisha, nawe unaanza upya.

Goshi: polista, isiyovutika kabisa ukiipata. Hamarawi: polista nyembamba inatosha.

Nailoni ipeleke kwenye nanga na kwenye kufungia chombo gatini, ambako kuvutika ni sifa. Plastiki ipeleke panapotakiwa kuelea: kamba ya boya la uokozi, au ya kuvutia kihori nyuma ya chombo, isije ikazama ikajizungusha kwenye rafadha (propela).

7. Kamba yenye nguvu zaidi si ndiyo bora?

Linganisha kamba za kusokotwa za milimita 12, zikiwa mpya. Ya mkonge hukatika kwenye kama kilo 950, plastiki kama 2,000, polista kama 2,250, nailoni kama 3,000. Kwa hesabu ya nguvu nailoni ndiyo mshindi, lakini swali la 6 limeonyesha kwa nini haifai kuwa henza.

Sasa tazama mzigo wenyewe. Kuna kanuni ya kukadiria: chukua eneo la tanga kwa mita za mraba, zidisha kwa kasi ya upepo kwa noti (maili za baharini kwa saa), zidisha tena kwa kasi hiyo hiyo, kisha zidisha kwa 0.021. Jibu ni kilo. Tanga la mita 20 za mraba katika upepo wa noti 10 linabeba kama kilo 42. Upepo ukiwa noti 20 ni kilo 168. Upepo umeongezeka maradufu, mzigo umekuwa mara nne, na hapo ndipo wanaozoea kaskazi nyepesi hushtuka kusi ikiingia.

Hata hivyo kilo 168 kwa polista ya 2,250 ni kidogo. Ondoa nguvu inayoliwa na fundo (swali la 16), bado zinabaki zaidi ya kilo 1,100. Inayotumaliza ni kamba ile ile baada ya miaka ya jua, chumvi na gofia mbovu, ikiwa imebaki nusu ya nusu, halafu foromali inadunda kwa mawimbi na mzigo unakuja kwa pigo. Ndiyo maana mabaharia hupanga kazi ya kila siku isizidi sehemu moja ya tano ya nguvu ya kamba, na kwenye henza mimi napenda moja ya kumi.

8. Wazee walisafiri hadi Uarabuni kwa kamba za nazi. Kwa nini nisitumie hizo?

Walisafiri, na kamba ya usumba ina sifa ambazo sitaki zidharauliwe. Makumbi yanaloweshwa miezi mingi, yanapondwa, nyuzi zinasokotwa kwa mkono. Kinachotoka kinaelea, kinavutika bila kukatika, na kinayavumilia maji ya chumvi kuliko mkonge. Mitepe, vyombo vya tanga vya kale vya pwani yetu, ilishonwa mbao kwa kamba hizo bila msumari hata mmoja.

Lakini ni dhaifu kwa unene wake, kwa hiyo wazee walitumia henza nene kama kifundo cha mkono, na walikuwa na mabaharia wengi wa kuivuta. Walibadilisha mara kwa mara pia. Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, una nguvu kuliko usumba, ila ukilowa unavimba na kukwama kwenye gofia, na ukihifadhiwa umelowa unaoza kutoka ndani. Kwa kufungia mizigo ni kamba nzuri. Kwa henza ya leo, hapana.

9. Dyneema inastahili bei yake?

Kwa yoti inayoshindana, ndiyo. Ni polithini iliyotengenezwa kwa namna ya pekee: haivutiki karibu kabisa, inaelea, na kwa unene ule ule nguvu yake ni mara kadhaa ya polista.

Ina masharti matatu. Inateleza, hivyo mafundo mengi hujifungua au huikata zaidi ya nusu ya nguvu zake. Inataka kitanzi cha kusukia, yaani ncha inarudishwa na kusukwa ndani ya kamba yenyewe badala ya kufungwa fundo. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, kwa hiyo usiiachie ikimbie kwa kasi juu ya chuma. Na ikiachwa imekazwa siku nyingi inarefuka taratibu na hairudi. Kwa ngalawa faida yake itamezwa na foromali yenyewe, ambayo inapinda kuliko kamba inavyovutika. Weka fedha hiyo kwenye gofia nzuri.

10. Ya kusokotwa au ya kusukwa?

Ya kusokotwa, ile ya nyuzi tatu nene, unaweza kuifungua ukaona ndani, kuisukia kitanzi mwenyewe, na bei yake ni ndogo. Inafaa henza ya mashua na ngalawa. Ubaya wake ni kwamba ikibeba mzigo hutaka kujizungusha, na jarari inayopita mara nne kwenye gofia hujisokota mpaka gofia zinageuka.

Ya kusukwa ina moyo ndani na ala nje. Haijizungushi, ni laini mkononi, inakimbia vizuri. Ndiyo ninayopendekeza kwa demani na jarari, na kwa kila kamba ya yoti inayopita kwenye winchi au kibanio. Kumbuka tu kwamba moyo ukikatika ndani, ala inaweza kukuficha. Ukibonyeza ukasikia pengo, imekwisha.

## Unene na urefu

11. Ninunue unene gani?

Anza na mkono. Kamba iliyo chini ya milimita 8 inakata kiganja, hata iwe na nguvu za kuvuta lori. Demani inayoshikwa kwa mkono mtupu iwe 10 au 12.

Kwa ngalawa ya mita 6 hivi mimi huweka henza ya 12 au 14 na demani ya 12. Mashua ya mita 8 hadi 10: henza 16 au 18, demani 14. Jahazi ni la kupimwa lenyewe, kwa uzito wa foromali na idadi ya gofia. Yoti ya futi 25: za kupandishia 8, za kuongozea 10, ikifika futi 35, 10 na 12.

Usiongeze unene kwa kuogopa. Kamba nene kupita kiasi haipiti kwenye gofia, inabeba maji, na upepo ukiwa mwembamba uzito wa demani unaivuta chini pembe ya tanga hadi tanga linakufa.

12. Nimeweka kamba mpya imekatika ndani ya miezi mitatu. Kwa nini?

Angalia gofia. Gurudumu la ndani liwe na kipenyo cha mara 6 hadi 8 ya unene wa kamba: kwa milimita 12, gurudumu la sentimita 7 hadi 10. Dogo kuliko hapo linaikunja kamba kwa ukali, nyuzi za nje zinavutwa, za ndani zinabanwa, na kila mzunguko unauma.

Kisha pitisha kidole kwenye mfereji na kwenye kingo. Mbao iliyopasuka, msumari uliotokeza, kutu iliyoganda, gurudumu lisilozunguka: lolote kati ya hayo linatosha. Kwenye ngalawa nyingi hakuna gofia, ni tundu tu kwenye kichwa cha mlingoti. Tundu hilo lisuguliwe kwa msasa hadi kingo ziwe za mviringo, lipakwe mafuta, likaguliwe kila unapolaza mlingoti. Nimeona watu wakibadilisha henza tatu kwa mwaka mmoja, tatizo likiwa ni kipande cha msasa.

13. Nipime urefu vipi?

Usiipime kamba ya zamani. Imeshakatwa ncha mara kadhaa, au imevutika. Chukua mshipi wa kuvulia na uupitishe njia nzima.

Henza rahisi: mara mbili ya urefu wa mlingoti, kwa sababu foromali ikiwa chini kamba inapanda hadi juu na kurudi, kisha ongeza mita 3 za kufungia. Mlingoti wa mita 7 unataka mita 17. Jarari: pima umbali wa gofia mbili zikiwa mbali kabisa, zidisha kwa idadi ya mapito, ongeza mkia wa kuvutia. Demani ipimwe tanga likiwa limefunguliwa kabisa kwa upepo wa tezi, yaani unaotoka nyuma ya chombo. Demani ya tanga la mbele la yoti huwa kama mara moja na nusu ya urefu wa chombo, kila upande.

Nunua mita moja zaidi. Baada ya mwaka utakata nusu mita kwenye ncha iliyolika, na kamba nzima itahama kidogo ili sehemu ngeni ikae kwenye gofia.

## Dukani

14. Wanauza kwa kilo. Nitafanyaje hesabu?

Hapa wengi hudanganyika bila mtu yeyote kuwadanganya. Mita 100 za milimita 12 zina uzito wa kilo 6.5 zikiwa plastiki, kama 9 zikiwa nailoni, na 11.6 zikiwa polista. Kilo 10 za plastiki ni mita 154. Kilo 10 za polista ni mita 86. Kwa hiyo bei ya kilo haikuambii bei ya mita. Uliza: "Kilo moja inatoa mita ngapi?" Kama muuzaji hajui, mwombe akate mita moja muipime pamoja.

Unene pia upime mwenyewe. Zungushia karatasi, weka alama, pima, gawa kwa 3.14. Milimita 12 inatoa mzunguko wa karibu 38. Mzee akikuambia "kamba ya inchi moja" kwa kipimo cha zamani, alimaanisha inchi moja ya mzunguko, ambayo ni milimita 8 za unene.

15. Nitahakikishaje kwamba ni polista kweli?

Swali hili nalijibu kwa uchungu. Mwaka mmoja nilinunua kamba nyeupe ya kusokotwa, nikaambiwa polista, nikaamini kwa sababu ya weupe na bei. Niliiweka henza kwenye mashua ya rafiki. Miezi mitano baadaye tunarudi kutoka kisiwa cha Mbudya, upepo wa mchana wa kawaida kabisa, ikakatika juu. Foromali ilishuka, ikampiga kijana begani, ikavunjika kwenye ukingo wa chombo. Bega lilipona. Nilipokiokota kipande cha henza na kukitupa majini, kilielea. Polista haielei. Kosa lilikuwa langu kwa kutokijaribu siku ya kwanza.

Kwa hiyo omba kipande cha kidole kimoja. Kitie kwenye maji, kikamue hewa. Kikielea ni plastiki, au Dyneema, na bei itakuambia ni ipi. Kikizama ni nailoni au polista.

Hapo kiwashe ncha, nje, mbali na petroli, ukiwa umekishika kwa koleo kwa kuwa matone yake yanaunguza. Plastiki inanuka mshumaa. Polista inatoa moshi mweusi wenye masizi na tone gumu jeusi. Nailoni moshi wake ni mweupe zaidi, tone lake la rangi ya kahawia. Ukibaki na shaka, funga mita 5 kwenye mti uvute kwa uzito wako: nailoni utaiona ikirudi kama mpira.

## Kufunga na kutunza

16. Nifunge fundo au nisukie kitanzi?

Fundo linakata kati ya theluthi na nusu ya nguvu ya kamba, kwa sababu ya mikunjo mikali. Kitanzi cha kusukia kinabakiza karibu zote. Henza kwenye foromali ni kitu cha kudumu, kwa hiyo sukia. Goshi na demani zinafunguliwa mara kwa mara; kitanzi kisichokaza kinatosha.

Kwa kamba ya mkonge watu walisukia mapito matatu. Kamba za kisasa zinateleza: pitisha angalau mara tano kila uzi, usikate mikia karibu mno. Ndani ya kitanzi weka pete ya chuma ikiwa kitagusana na chuma.

17. Ncha zinafumuka. Nichome tu?

Choma ili zishikane, kisha zungushia uzi wa nailoni uliopakwa nta, upana uwe mara moja na nusu ya unene wa kamba, na uushone upite katikati. Ncha iliyochomwa tu hupasuka na kingo zake hukata viganja.

18. Kamba za yoti zinapita ndani ya mlingoti. Nivusheje mpya?

Tumia ya zamani kama mwongozo. Weka ncha kwa ncha, usizipandishe, zishone kwa uzi mapito sita au zaidi, kisha zungushia utepe mwembamba ili kiungo kisizidi unene wa kamba. Mmoja avute polepole, mwingine alishe mpya mkononi. Ikikwama rudisha nyuma kidogo, usilazimishe. Na ncha ya mwisho ifunge mahali kabla ya yote. Ikikukimbia ikaingia ndani, lazima mtu apande.

19. Niziosheje?

Maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni ya kufulia kidogo, kila mwezi wakati wa kusi kama unaweza. Chumvi ikikauka inakuwa chembe kali zinazokata nyuzi kutoka ndani. Lakini onja maji kwanza: visima vingi vya karibu na pwani yetu vina chumvi. Masika ninaziacha kwenye mvua usiku kucha, mvua ni bora kuliko bomba lolote. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo wala petroli. Anika kivulini.

20. Ni kweli kamba inaweza kugeuzwa?

Ndiyo, na ni njia nzuri ya kuipa maisha marefu. Nusu ya maisha yake geuza ncha ya juu iwe ya chini. Henza yenye kitanzi kilichosukiwa utalazimika kukisukia upya upande wa pili. Kazi ya nusu saa. Fanya hivyo tu kama kamba imefaulu ukaguzi wa swali la 2.

## Yasiyo ya kila siku

21. Na nanga?

Nailoni. Kuvutika kwake kunameza pigo la wimbi kabla halijafika kwenye nanga. Mbele yake funga mita chache za mnyororo, maana chini ya Msasani na kuzunguka visiwa kuna matumbawe yanayokata kamba kama kisu. Kumbuka pia kina hubadilika kwa mita 3 na zaidi bamvua (maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu) ikiwa kubwa. Toa urefu wa kutosha maji kujaa.

22. Nimepewa kamba ya kupandia milima. Inafaa?

Kwa henza au demani, hapana. Kamba hiyo ni nailoni iliyoundwa ivutike sana ili mtu akianguka asivunjike mgongo. Kwa kufungia chombo gatini ni nzuri.

23. Kamba kuukuu za meli zinazouzwa kwa bei ya chini je?

Zifungue, zikague, uzitumie kufungia chombo au kutengenezea matakia ya gatini. Hujui zimevutwa mara ngapi wala zimekaa juani miaka mingapi. Kwenye foromali sitaziweka.

24. Yoti yangu ina waya wa chuma wa kupandishia tanga, nataka kamba. Inawezekana?

Inawezekana, lakini badilisha gurudumu la juu pamoja nao. Mfereji wa waya ni mwembamba, na waya uliovunjika nyuzi umeacha makovu yatakayoisaga kamba yako. Polista isiyovutika inatosha kwa tembezi za kawaida. Dyneema kama unashindana.

25. Henza ikinikatikia baharini nifanye nini?

Watu kwanza. Waondoe chini ya foromali, wahesabu, kisha vuta tanga lote ndani kabla halijajaa maji. Geuza omo (mbele ya chombo) kuelekea wimbi, kwa kasia au mashine. Kama maji ni mafupi, tia nanga.

Usimpandishe mtu mlingotini chombo kikiyumba. Kwenye ngalawa, bahari ikiwa tulivu, watu wawili wanaweza kuung'oa mlingoti, kupitisha henza ya akiba na kuusimamisha tena. Bahari ikichafuka, piga kasia au omba kuvutwa. Kwa hiyo beba mita 17, au urefu wowote uliopima kwenye swali la 13, zikiwa zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko mkavu. Kwenye mashua mimi huacha kamba nyembamba ya pili juu ya mlingoti, imepita kwenye gofia yake, ncha zote mbili zimefungwa chini. Siku ile ya Mbudya hatukuwa nayo. Tulipiga kasia kwa muda wa saa tatu.